Yai na Moto Usioonekana

Katika vyakula vyote vipikwavyo na binadamu, yai huhesabiwa kuwa jepesi kupita vyote. Mtoto anayetumwa jikoni kwa mara ya kwanza aghalabu hupewa yai, kwa kuwa halitaki kumenywa, wala kukatwa, wala kuungwa. Maji yakichemka hutiwa. Dakika zikitimia huopolewa. Nani basi angedhani kwamba chakula hiki chepesi kingekuwa fumbo mbele ya chombo kilichoundwa kwa elimu kubwa ya umeme? Walakini ndivyo mambo yalivyo. Tangu lilipotokea jiko la maikrowevu, yaani jiko lipikalo kwa mawimbi mafupi ya redio badala ya ndimi za moto, viazi vimelikubali, wali umelikubali, na mchuzi umelikubali; bali yai zima katika ganda lake limelikataa tangu mwanzo hata leo. Likipikwa humo huweza kupasuka kwa kishindo. Habari ya jiko hili, na ya yai lililolikataa, ni sehemu ya historia ya karne ya ishirini, nayo yastahili kujulikana na kila kijana atakayebonyeza kitufe chake.

Kwanza yafaa tuufikiri moto tuliouzoea. Moto wa kuni katika mafiga matatu, moto wa makaa, moto wa mafuta ya taa na moto wa gesi, kila mmoja hufuata desturi ile ile: huanza nje ukaingia ndani. Moto hupasha sufuria, sufuria hupasha maji, maji hupasha ganda, ganda hupasha ute, na ute hupasha kiini. Joto hupita kama habari ipitayo kutoka nyumba hadi nyumba, na nyumba ya mwisho kuipata ni kiini. Tena maji yana mpaka wake. Mombasa, iliyo kando ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za joto. Nairobi, iliyo juu sana kuliko pwani, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hata ukiongeza kuni mpaka ndimi za moto zikumbatie sufuria, maji hayataupita mpaka huo. Yatatoa mvuke mwingi zaidi, basi. Kwa hiyo kiini cha yai lililo ndani ya maji hakiwezi kamwe kuwa cha moto kuliko maji yanayolizunguka. Maji ni mlinzi wa yai. Ulinzi huu ulidumu miaka mingi hata watu wakasahau kwamba ni ulinzi. Waliudhani kuwa ni tabia ya yai lenyewe.

Moto mpya ulioondoa ulinzi huo haukuzaliwa jikoni. Ulizaliwa katika vita.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka wa 1939, Uingereza ilikuwa tayari na rada, chombo kitumacho mawimbi ya redio angani na kupokea mwangwi wake, kikajulisha mahali ilipo ndege ya adui kabla haijaonekana kwa macho. Lakini mawimbi ya rada zile yalikuwa marefu, na mawimbi marefu huhitaji milingoti mirefu. Milingoti ya namna hiyo ilisimama ufukoni. Haikuweza kupachikwa juu ya ndege ndogo iendayo kutafuta nyambizi usiku katikati ya bahari. Na nyambizi zilikuwa balaa kubwa. Zilizamisha meli za chakula, za mafuta na za askari, wala hapakuwa na bahari iliyosalimika. Hata watu wa Afrika ya Mashariki walionja uchungu huo: tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika ya Mashariki. Tunapotaja vyombo vya vita vya wakati ule, tukumbuke kwamba havikuundwa kwa mchezo. Viliundwa kwa hofu na kwa haraka, kwa sababu kila siku ya kuchelewa ilikuwa na hesabu yake ya maiti.

Kilichotakikana kilikuwa chombo kidogo kiwezacho kutoa mawimbi mafupi sana kwa nguvu nyingi. Mwaka wa 1921 Mmarekani mmoja, Albert Hull, alikwisha kuunda taa ya umeme iliyotawaliwa kwa sumaku, ikaitwa magnetroni. Lakini haikuwa na nguvu ya kutosha kwa kazi hiyo. Ndipo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, wataalamu wawili, John Randall na Harry Boot, walipobuni magnetroni ya namna nyingine. Walichukua kipande cha shaba, wakatoboa tundu kubwa katikati na matundu madogo kulizunguka. Umeme ulirushwa katikati, sumaku ikauzungusha, nao ulipopita mbele ya vinywa vya matundu ulifanya mawimbi, kama vile pumzi ipitayo juu ya mdomo wa chupa inavyofanya chupa ilie. Tarehe 21 Februari 1940 chombo hicho kilifanya kazi kwa mara ya kwanza, kikatoa mawimbi yenye urefu wa sentimita 10 hivi, kwa nguvu ya mamia ya wati. Kilienea katika kiganja cha mkono, na nguvu yake ilivishinda vyombo vyote vilivyokitangulia.

Uingereza ilikuwa na siri, lakini haikuwa na viwanda vya kutosha kuizidisha siri hiyo. Mwezi wa Septemba 1940 ujumbe ulioongozwa na Henry Tizard ulifika Amerika kuomba msaada. Mmoja wa wajumbe, Edward Bowen, alivuka bahari ya Atlantiki pamoja na sanduku lenye magnetroni moja. Wataalamu wa Marekani walipoipima walistaajabu. Kazi ya kuiunda kwa wingi ikagawanywa kwa makampuni, na moja kati yao ilikuwa Raytheon ya jimbo la Massachusetts, ambayo wakati ule haikuwa kubwa. Humo ndimo tunamokutana na mtu ambaye jina lake limeambatana na jiko la maikrowevu, Bwana Percy Spencer.

Spencer alizaliwa mwaka wa 1894 katika kijiji cha Howland, jimbo la Maine. Baba yake alikufa yeye angali mtoto mchanga, akalelewa na shangazi na mjomba. Shule hakuimaliza, hata ile ya msingi. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha vibiringo vya uzi. Baadaye alisikia kwamba kiwanda cha karatasi cha karibu kinatiwa umeme, jambo lililokuwa geni katika sehemu zile, akaomba kazi huko ingawa hakujua umeme. Akajifunza kwa kutazama na kwa kujaribu. Alipokuwa kijana aliingia jeshi la wanamaji, akajifunza redio, na nyakati za zamu ya usiku alijisomea vitabu vya hesabu na vya elimu ya asili. Hivyo mtu ambaye hakupata kukaa katika darasa la sekondari alifika kuwa mjuzi ambaye wenye digrii walimwendea kumwuliza.

Magnetroni ya Birmingham ilikuwa na ugumu mmoja: kuichonga katika kipande kizima cha shaba kulihitaji fundi hodari na muda mwingi. Spencer alishauri ikatwe vipande vyembamba kwa mashine, kisha vipande hivyo vipangwe kimoja juu ya kingine na kuunganishwa kwa kulehemu. Kazi ya mafundi wachache ikawa kazi iwezayo kufanywa na mamia ya wafanyakazi. Kabla ya vita kwisha kiwanda kilikuwa kikitoa magnetroni zaidi ya 2,000 kila siku, na ndege zilizochukua rada za mawimbi mafupi zikawa zinaziona nyambizi juu ya maji hata katika giza.

Karibu na mwisho wa vita, husimuliwa, Spencer alisimama mbele ya magnetroni iliyokuwa ikifanya kazi, na mara akahisi kwamba kipande cha chokoleti kilichokuwa mfukoni mwake kimeyeyuka. Hakuwa wa kwanza kuhisi joto la vyombo vile; wafanyakazi wengine walikwisha kulihisi. Lakini wao walilihisi wakaendelea na kazi, naye alilihisi akauliza. Alitaka mahindi ya bisi yaletwe, akayaweka mbele ya magnetroni, na punje zikaanza kuruka na kutawanyika sakafuni. Kisha likaletwa yai. Masimulizi husema kwamba birika lilitobolewa ubavuni, yai likatiwa ndani, na mawimbi yakaelekezwa kwenye tundu. Mwenzake mmoja, kwa hamu ya kujua, aliinama kuchungulia. Yai likapasuka, na kiini cha moto kikamrukia usoni.

Watu hucheka wanaposikia kisa hiki, na kwa kweli kina kichekesho ndani yake. Lakini kicheko kisitupitishe mbali na maana. Chokoleti ilisema kwamba mawimbi yana joto. Bisi zilisema kwamba joto hilo laweza kupika. Yai lilisema neno la tatu ambalo chokoleti na bisi hazikulisema wazi: kwamba joto hilo haliji kutoka nje kama joto la moto wa kale, bali huzuka ndani ya chakula chenyewe, na kwamba kitu kilichofungwa pande zote kikipata joto ndani yake hutafuta njia ya kutoka. Mara nyingi twaambiwa kwamba jiko la maikrowevu liligunduliwa kwa bahati. Bahati iliyeyusha chokoleti tu. Haikuagiza mahindi, wala haikutoboa birika. Mambo hayo yalifanywa na mtu aliyezoea kuuliza tangu utoto wake, kwa sababu hakuwa na mwalimu wa kumjibu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuhisi joto mfukoni na kuridhika kubadili koti.

Tarehe 8 Oktoba 1945, vita vikiwa vimekwisha kwa majuma machache tu, Spencer aliandikisha ombi la haki ya uvumbuzi wa kupika chakula kwa mawimbi hayo. Haki hiyo alipewa Januari 1950. Jiko la kwanza la biashara lilitolewa na Raytheon mwaka wa 1947, likaitwa Radarange. Msomaji asidhani lilifanana na kisanduku kidogo cha siku hizi. Urefu wake ulikaribia mita 1.8, uzito wake ulikuwa kilo 340 hivi, na magnetroni yake ilipozwa kwa maji yaliyoletwa kwa mabomba. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Kitu kama hicho kiliwafaa wenye mikahawa mikubwa na wenye meli, si mama wa nyumbani. Mwaka wa 1955 kampuni ya Tappan ilijaribu kuuza jiko la nyumbani kwa dola 1,295, lakini wanunuzi walikuwa haba. Mwaka wa 1966 kampuni ya Sharp ya Japani ilitoa jiko lenye sahani izungukayo, ili chakula kisiungue upande mmoja na kubaki baridi upande wa pili. Mwaka wa 1967 kampuni ya Amana, iliyokuwa imenunuliwa na Raytheon, ilitoa jiko dogo la kuwekwa juu ya meza kwa dola 495. Hapo ndipo mlango wa nyumba ulipofunguka. Spencer alikufa mwaka wa 1970, akiwa na hati za uvumbuzi zaidi ya mia moja. Vyaelea, vimeundwa, na kila kilichoundwa kina majina ya watu nyuma yake.

Sasa tuliulize yai lenyewe: kwa nini linapasuka? Jiko la maikrowevu la nyumbani hutoa mawimbi ambayo hugeuka na kurudi mara milioni 2,450 katika kila sekunde. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi. Mawimbi yakipita, molekuli hujaribu kugeuka pamoja nayo, zikasukumana na jirani zake, na msukumano huo ndio joto. Si kweli, kama wengi wasemavyo, kwamba jiko hili hupika kila kitu kutoka katikati kwenda nje. Mawimbi huingia sentimita chache tu, yakazidi kudhoofika kadiri yaingiavyo. Katikati ya kipande kikubwa cha nyama hayafiki kwa nguvu. Lakini yai ni dogo, na sentimita chache zatosha kukifikia kiini. Ganda halina maji mengi, kwa hiyo halipati joto jingi. Mawimbi hulipita kama nuru ipitavyo kioo. Ute na kiini hupata joto, maji yaliyomo hugeuka kuwa mvuke, na mvuke hutaka nafasi kubwa mara nyingi kuliko maji yaliyouzaa. Vitundu vya ganda ni vidogo mno kuupitisha. Mvuke hubanwa, hubanwa tena, mpaka ganda lishindwe.

Kuna jambo la hatari zaidi, nalo huwapata wale wadhanio kwamba ganda pekee ndilo lenye kosa. Huchukua yai lililokwisha kuchemshwa na kumenywa, wakalipasha joto, wakalitoa likiwa zima na tulivu. Kisha hulidunga kwa uma, au huliuma, nalo hupasuka kinywani. Mwaka wa 2017 wataalamu wawili wa elimu ya sauti walitoa katika mkutano wa Marekani habari ya majaribio waliyoyafanya kwa mayai karibu 100 ya kuchemshwa, waliyoyapasha joto katika bakuli la maji ndani ya jiko la maikrowevu. Waliona kwamba kiini kilikuwa cha moto kuliko maji yaliyolizunguka yai, na karibu theluthi ya mayai ilipasuka. Maelezo yao ni kwamba ndani ya kiini kilichoganda mna vijifuko vidogo vya maji vilivyofungwa. Maji hayo huweza kupita kiwango cha kuchemka bila kuchemka, yakangoja. Ncha ya uma au jino ikiyagusa, yote huchemka kwa mara moja. Tazama, basi, jinsi sheria ya sufuria ilivyopinduka. Katika sufuria kiini hakiwezi kuyapita maji yaliyo nje; katika jiko hili chaweza. Mlinzi wa kale yupo, lakini hana mamlaka tena. Madaktari wameandika habari za watu waliochomwa uso na kuumizwa macho kwa mayai ya namna hii, na jicho halina dukani pa kununuliwa.

Hii haina maana kwamba yai halipikiki kwa mawimbi. Hupikika vizuri, maadamu mpishi amelielewa. Lipasuliwe katika bakuli la udongo au la kioo, si la chuma. Kiini kitobolewe, au yai lote likorogwe. Bakuli lifunikwe pasipo kubanwa. Lipikwe kwa nguvu ndogo na kwa muda mfupi, kisha liachwe kidogo litulie kabla ya kuliwa. Yai la kuchemsha lililopoa likatwekatwe kwanza, au bora zaidi litiwe katika maji ya moto nje ya jiko. Kila shauri katika haya lina maana moja: mvuke upewe njia. Hata serikali zimelazimika kujifunza namna hii ya uangalifu. Marekani iliweka mwaka wa 1971 sheria ya kupima mawimbi yanayovuja katika majiko haya, na kuamuru kwamba jiko lizimike lenyewe mlango ufunguliwapo. Lakini hapana sheria iwezayo kuandikwa juu ya ganda la yai. Hapo pamebaki akili ya mpishi.

Katika habari hii yote twaona jinsi elimu isafirivyo. Magnetroni ilitoka katika maabara ya Birmingham ikaenda vitani, ikatoka vitani ikaenda mkahawani, na kutoka mkahawani ikaingia nyumbani, yote hayo katika miaka 27. Kila ilipohama, iliwaacha nyuma wale walioielewa na kuwakuta wale wasioielewa. Randall na Boot walijua kila tundu la shaba yao. Spencer alijua kila kipande kilicholehemiwa. Anunuaye jiko leo hupewa vitufe na mlango wa kioo, na urahisi huo humdanganya kwamba hapana la kujua. Zamani chombo kigumu kilimlazimisha mtumiaji kujifunza. Siku hizi chombo chepesi humwachia ajifunze kwa hiari yake. Basi kijana asiridhike kwa kuwa mkono wake waweza kubonyeza. Mkono hubonyeza bila kujua. Kichwa ndicho kinachopaswa kuuliza ni nini kinachotendeka nyuma ya mlango ule, na ni nini kilichofungwa ndani ya kitu alichokiweka humo.